Uliza Ujibiwe: Kemia kwa vitendo kabla ya mtihani

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu mtihani wa Kemia kwa vitendo wa Kidato cha Nne. Kwa Tanzania karatasi hiyo ina maswali mawili ya alama 25 kila moja, na muda wake ni saa mbili na nusu. Mada zinazotawala ni taitresheni (kupima ukolezi wa mmumunyo mmoja kwa kuutonea mwingine), uchunguzi wa chumvi isiyojulikana na kasi ya mmenyuko. Majibu ya mtihani huandikwa kwa Kiingereza, lakini mkono na jicho havina lugha, na barua zilizotufikia zinaonyesha kwamba alama nyingi hupotelea huko. Tumechagua tisa.

Shikamooni walimu. Tulifanya taitresheni ya sodiamu kaboneti yenye maji ya fuwele, Na₂CO₃·xH₂O, gramu 14.3 katika lita moja, kwa asidi hidrokloriki ya 0.1 M (moli 0.1 kwa lita). Pipeti yetu ni ya 25 cm³. Wenzangu wamepata x = 10, mimi nimepata 9.4. Hesabu nimeirudia mara tatu, sioni kosa. Nimekosea wapi? (Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Singida)

Marahaba. Hesabu yako tunaikubali. Kosa lako lilitokea kabla hujashika kalamu, na karibu hakika lilikuwa kwenye kusuuza vyombo.

Tuanze na jibu lililotarajiwa. Gramu 14.3 za chumvi yenye molekuli kumi za maji ni moli 0.05, kwa sababu uzito wa moli moja ni gramu 286. Moli moja ya kaboneti inahitaji moli mbili za asidi. Kwa hiyo 25 cm³ za mmumunyo wako zilitakiwa kumaliza 25.00 cm³ za asidi ya 0.1 M. Sasa rudi nyuma kutoka 9.4: ili upate jibu hilo, wastani wako wa asidi ulikuwa karibu 26.00 cm³. Ukolezi wa kaboneti ukatoka 0.052 M, uzito wa moli ukawa 275, ukatoa 106, ukagawa kwa 18, ikaja 9.4. Yaani asidi ilizidi kwa sentimita moja tu ya ujazo.

Imezidije? Njia za kawaida ni tatu. Ya kwanza, flaski ilisuuzwa kwa mmumunyo wa kaboneti badala ya maji yaliyokenekwa. Matone yaliyobaki ukutani yakajumlika na zile 25 cm³ za pipeti, na asidi ikalazimika kuyamaliza na hayo. Ya pili, bureti ilisuuzwa kwa maji peke yake, asidi ikapungua nguvu, ikatakiwa nyingi zaidi. Ya tatu, ncha ya bureti chini ya koki ilikuwa na povu la hewa. Ukifungua koki povu linatoka, asidi inashuka kujaza nafasi yake, na bureti inahesabu ujazo ambao haukufika kwenye flaski.

Kanuni ni hii: bureti husuuzwa kwa maji, kisha mara mbili kwa asidi itakayokaa ndani yake, kama 5 cm³ kila mara, ukiiinamisha na kuizungusha ili ukuta wote ulowe, na asidi hiyo uimwage kupitia koki. Pipeti husuuzwa kwa maji, kisha kwa mmumunyo itakaoupima. Flaski husuuzwa kwa maji yaliyokenekwa tu. Flaski ikibaki na maji hakuna neno, kwa sababu maji hayaongezi wala kupunguza moli za kaboneti ulizoweka.

Pipeti nayo ikisuuzwa kwa maji peke yake, kosa linageukia upande wa pili: kaboneti inakuwa hafifu, asidi inatumika kidogo, x inapanda. Wastani wa 24.00 ungekupa 10.7. Kwa hiyo x ikiwa chini ya 10 angalia kwanza bureti na flaski, ikiwa juu angalia pipeti.

Mambo mengine mawili yanaharibu wastani bila mtu kujua. Faneli ikiachwa juu ya bureti baada ya kumimina, tone lake linaweza kuanguka katikati ya kazi na kusogeza kipimo. Iondoe kabla ya kusoma. Na pipeti ikimaliza kumwaga, gusisha ncha yake kwenye ukuta wa flaski, hesabu mpaka tatu, uiondoe. Kitone kinachobaki ndani kisipulizwe. Pipeti ilitengenezwa kikiwa kimeshahesabiwa kuwa kitabaki. Kuhusu kunyonya kwa mdomo, tumia kinyonyeo cha mpira kila kinapopatikana, na vyovyote vile ncha isitoke kwenye mmumunyo ukiwa bado unavuta, maana hewa ikiingia mmumunyo unaruka juu hadi kinywani.

Kuna mtego mmoja wa hesabu tunaoutaja kwa sababu haujionyeshi. Ukisahau uwiano wa 1 kwa 2 ukatumia 1 kwa 1, unapata 0.1 M, uzito wa moli 143, na x inatoka 2.06. Mwanafunzi anaona namba mbili nzuri anafurahi. Ukigeuza uwiano kabisa unapata uzito wa moli 71.5, ambao ni mdogo kuliko 106 ya kaboneti kavu, na hapo angalau hesabu yenyewe inakataa. Andika mlinganyo uliosawazishwa kabla ya kitu kingine chochote.

Je, pailoti inaingia kwenye wastani? Na niandike 24.5 au 24.50? (Mwanafunzi, Kilifi)

Pailoti, yaani raundi ya kwanza ya kukadiria, haiingii. Kazi yake ni kukuonyesha rangi inageuka wapi, ili raundi zinazofuata ushushe asidi haraka mpaka kama 2 cm³ kabla ya hapo, kisha tone kwa tone.

Andika 24.50. Bureti ya 50 cm³ ina mistari ya 0.1, na jicho linaweza kugawa nafasi kati ya mistari miwili kwa nusu, kwa hiyo tarakimu ya mwisho huwa 0 au 5. Kinachokatwa alama ni kuchanganya: 24.5 safu hii, 24.50 safu ile, 0 mwanzoni badala ya 0.00. Soma chini ya bonde la uso wa kimiminika, jicho likiwa usawa huo huo. Ukisoma kutoka juu unapata namba ndogo kuliko ilivyo, ukisoma kutoka chini unapata kubwa.

Chukua wastani wa vipimo vinavyokaribiana tu, visivyopishana zaidi ya 0.20 cm³. Kwa mfano 25.00, 25.10 na 24.90 vinaingia vyote. Lakini 25.00, 25.10 na 25.60, cha tatu kiache nje, na uonyeshe wazi ni vipi umevijumlisha. Kwako Kenya, jedwali lina alama zake lenyewe: kukamilika, desimali, ukaribu na kipimo cha mwalimu, kanuni ya wastani na wastani wenyewe. Asiyerudia mpaka avipate vinavyokaribiana hupoteza zaidi ya alama moja kwa mpigo. Na ujue kwamba dakika 15 za mwanzo kati ya saa mbili na robo zenu ni za kusoma karatasi; zitumie kuchora majedwali kichwani na kuhesabu utahitaji testityubu ngapi.

Mimi na jirani yangu tulitumia mimumunyo ile ile ya kaboneti na asidi. Yeye alipata 25 cm³, mimi 12.5. Tofauti yetu ni kiashiria tu: yeye methili oranji, mimi fenolfithalini. Nani kakosea? (Kidato cha Tatu, Bukoba)

Wewe, lakini kosa lako lina mantiki nzuri. Asidi huila kaboneti kwa hatua mbili. Kwanza inaigeuza kuwa haidrojeni kaboneti, kisha hiyo nayo inageuka maji, chumvi na kaboni dayoksaidi. Fenolfithalini hupoteza rangi yake ya waridi ikishuka chini ya pH (kipimo cha uasidi) 8.3 hivi, na hapo ndipo hatua ya kwanza inapoishia. Methili oranji hugeuka kati ya pH 3.1 na 4.4, mwisho wa hatua ya pili. Ndiyo maana wewe ulifika nusu ya safari kamili bila hata robo sentimita ya upungufu.

Kwa asidi kali na kaboneti tumia methili oranji. Kwa asidi hafifu, kama ya siki au ya oksaliki, na besi kali kama sodiamu haidroksaidi, tumia fenolfithalini. Asidi kali na besi kali, chochote kati ya hivyo viwili kinafaa. Matone mawili au matatu yanatosha. Viashiria vyenyewe ni asidi au besi hafifu, na ukimwaga kumi vinakula sehemu ya kipimo na rangi inakuwa nzito hadi huoni inapogeuka.

Methili oranji ndiyo inayowasumbua wengi. Kutoka njano hadi chungwa, simama pale chungwa linapotokea mara ya kwanza na kukaa. Ikifika wekundu wa waridi umepitiliza. Weka kigae cheupe au karatasi nyeupe chini ya flaski, na pembeni weka flaski nyingine yenye maji, kaboneti na matone hayo hayo, uwe na njano ya kulinganishia.

Mwalimu alinikata alama kwa kuandika kwamba mmumunyo wa zinki salfeti ni mweupe. Mbona ni mweupe kweli, kama maji? (Mwanafunzi, Mtwara)

Hapa lugha yetu ya kila siku imekuponza, na haujaponzwa peke yako. Kwetu maji safi ni meupe na kanzu ni nyeupe, neno ni hilo hilo. Kwenye Kemia ni vitu viwili mbalimbali. Maji hayana rangi. Maziwa ni meupe. Mmumunyo wa zinki salfeti hauna rangi. Ukiutonea sodiamu haidroksaidi, mashapo, yaani chembe ngumu zinazotokea ndani ya kimiminika, ndiyo meupe. Msahihishaji akisoma "mweupe" anaelewa kwamba uliona kitu kama chaki iliyokorogwa.

Tena kuna neno la tatu, ung'avu. Kitu king'avu kinapitisha macho, lakini kinaweza kuwa na rangi: mmumunyo wa shaba salfeti ni mng'avu na ni wa bluu. Ukiandika king'avu peke yake hujataja rangi. Na nyekundu ya Kiswahili inabeba mengi, kuanzia udongo wa kichuguu hadi nyanya. Mashapo ya chuma cha tatu (Fe³⁺) ni kahawia yenye wekundu, kama kutu; ya chuma cha pili (Fe²⁺) ni kijani kichafu. Kijani hicho kikikaa hewani, juu kwenye ukuta wa testityubu kunaanza kuwa kahawia. Andika na hilo, kwa sababu ni ushahidi.

Jedwali la uchunguzi wa chumvi lina safu tatu: jaribio, kilichoonekana, hitimisho. Safu ya kati ni ya jicho, pua na sikio. Usiandike humo "kaboni dayoksaidi imetoka", kwa kuwa gesi hiyo hujaiona. Ulichoona ni mapovu, na gesi isiyo na rangi iliyogeuza maji ya chokaa kuwa kama maziwa. Jina la gesi linakwenda safu ya tatu. Na jaribio lisipoonyesha kitu, usiweke mstari. Andika kwamba hakuna mashapo yaliyotokea. Kutotokea kwa kitu nako ni jibu: kalsiamu inatoa mashapo meupe kwa sodiamu haidroksaidi lakini haitoi kwa amonia, na mstari mtupu hauwezi kusema hivyo.

Sasa mkono. Sampuli unayopewa ni ndogo. Chukua ncha ya spachula kwa kila jaribio la unga mkavu, yeyusha kiasi kama hicho mara mbili katika 10 cm³ za maji yaliyokenekwa, gawanya kwenye testityubu tano, kila moja 2 cm³, na ubakize unga mkavu kidogo wa dharura. Unapoongeza sodiamu haidroksaidi, anza na tone moja. Tikisa. La pili, tikisa. Angalia, andika. Ndipo umimine hadi izidi. Kosa kubwa kuliko yote kwenye swali hili ni kumimina 2 cm³ kwa mpigo: mashapo ya zinki au ya risasi yanatokea na kuyeyuka kabla hujayaona, nawe unaandika kwamba hakuna kitu, unahitimisha sodiamu au amoniamu, na swali zima limekwenda.

Zinki na risasi zote mbili zinatoa mashapo meupe yanayoyeyuka haidroksaidi ikizidi. Amonia ndiyo inayozitenganisha, kwani mashapo ya zinki huyeyuka amonia ikizidi, ya risasi hayayeyuki. Kisha thibitisha risasi kwa potasiamu ayodaidi: mashapo ya njano iliyokoza, yanayopotea ukichemsha na kurudi kama vipande vya dhahabu ukipoza. Shaba hutoa mashapo ya bluu, na amonia ikizidi yanayeyuka kuwa bluu nzito ambayo hutaisahau. Amoniamu (NH₄⁺), ikiwa ndiyo kationi, yaani ayoni chanya ya chumvi, haina mashapo. Pasha taratibu pamoja na haidroksaidi, shika litimasi nyekundu iliyoloweshwa mdomoni mwa testityubu bila kugusa kioo, itageuka bluu. Ikigusa kioo chenye matone ya haidroksaidi itageuka bluu hata kama hakuna amonia.

Kwa anioni, yaani ayoni hasi, angalia asidi unayoitanguliza. Salfeti hupimwa kwa bariamu kloraidi pamoja na asidi hidrokloriki au naitriki. Ukiweka salfuriki umeweka salfeti mwenyewe. Kloraidi hupimwa kwa fedha naitreti pamoja na asidi naitriki; ukiweka hidrokloriki umeweka kloraidi mwenyewe. Kaboneti na haidrojeni kaboneti zote zinatoa mapovu kwa asidi, lakini magnesiamu salfeti huzitenganisha: kaboneti inatoa mashapo meupe papo hapo, haidrojeni kaboneti mpaka uchemshe.

Unapopasha unga mkavu, laza testityubu kidogo, mdomo ukiwa chini zaidi ya kitako. Chumvi zenye maji ya fuwele hutoa mvuke unaogeuka matone ya maji mdomoni. Yakirudi kwenye kitako cha moto kioo kinapasuka. Taja rangi ikiwa moto na ikipoa. Oksaidi ya zinki huwa njano ikiwa moto na nyeupe ikipoa, ya risasi kahawia yenye wekundu ikiwa moto na njano ikipoa.

Kila chumvi ninayochoma kwenye moto inatoa rangi ya njano. (Mwanafunzi, Zanzibar)

Waya wako una sodiamu. Jasho la vidole linatosha. Chovya waya wa nikromu kwenye asidi hidrokloriki iliyokolea iliyo kwenye kioo cha saa, uchome, urudie mpaka moto usibadilike rangi, ndipo uchukue chumvi. Asidi hiyo ibadilishwe ikichafuka. Mnaotumia taa ya spiriti, moto wake una unjano wake mwenyewe, kwa hiyo weka waya ukingoni mwa moto chini kidogo na utazame mbele ya kitu cheusi.

Pete ya kahawia ya naitreti haitokei kwetu hata siku moja. Tunafuata kitabu. (Wanafunzi watatu, Kigoma)

Kwa kawaida kosa liko kwenye chuma salfeti. Mmumunyo wake lazima utengenezwe siku hiyo hiyo, kwa fuwele za kijani. Ukiwa umegeuka njano au kahawia, chuma cha pili kimeshakuwa cha tatu na pete haitatokea.

Weka 2 cm³ za mmumunyo wa chumvi, ongeza 2 cm³ za chuma salfeti, changanya. Inamisha testityubu, kisha umwage asidi salfuriki iliyokolea, kama 1 cm³, polepole kwenye ukuta wa ndani ili iteleze hadi chini. Asidi ni nzito, itakaa chini. Simamisha testityubu bila kuitikisa. Pete inatokea pale vimiminika viwili vinapokutana. Ukitikisa, pete inavunjika na joto linaweza kurusha asidi. Miwani ya kinga ivaliwe, na mdomo wa testityubu usielekee kwa mtu.

Kwenye kasi ya mmenyuko, grafu yangu ya thayosalfeti haikunyooka kabisa. Muda wangu ni 0.48, 1.02, 1.25, 2.10. (Mwanafunzi, Morogoro)

Tazama namba zako. Stopwochi ilikuonyesha dakika 1 na sekunde 25, ukaandika 1.25 kama kwamba ni dakika moja na robo. Hiyo ni sekunde 85, na kasi yake, moja gawa kwa muda, ni 0.0118 kwa sekunde. Muda wako halisi ni sekunde 48, 62, 85 na 130. Badilisha kuwa sekunde unapoandika, usisubiri hesabu.

Grafu ikibaki na nundu hata baada ya hapo, chunguza bika. Salfa inayobaki ukutani baada ya raundi ya kwanza inaziba alama ya msalaba iliyo chini ya bika mapema raundi ya pili. Sugua, suuza, futa chini kwa nje. Tumia bika ile ile au zenye upana sawa, msalaba ule ule, na jicho la mtu mmoja kutoka juu. Maji yanayoongezwa ni ya kuweka ujazo wote sawa: ukitumia 40 cm³ za thayosalfeti ongeza 10 za maji, ukitumia 30 ongeza 20. Bila hivyo kina cha kimiminika juu ya msalaba kinabadilika na ukolezi wa asidi pia. Stopwochi ianze asidi inapoingia, siyo ukimaliza kukoroga.

Kama swali ni la joto, kipimajoto kikae ndani ya thayosalfeti yenyewe. Maji ya sufuria yakiwa nyuzi 60, mmumunyo ndani ya testityubu unaweza kuwa bado haujafika. Na fungueni madirisha. Gesi inayotoka ni salfa dayoksaidi, na mwenye pumu akae karibu na mlango, bika zikimalizika zimwagwe mara moja kwenye ndoo yenye magadi na maji.

Habari zenu walimu wenzangu. Shule yetu ya kata ina watahiniwa 40. Nitengeneze kiasi gani cha asidi na kaboneti kwa zoezi kama la x = 10, na kwa nini safari iliyopita nilipima gramu 14.3 sawasawa lakini wanafunzi wote wakapata x ndogo? (Mwalimu, Rukwa)

Tuanze na la pili. Chupa yako ya kaboneti yenye fuwele imekaa wazi, na fuwele zimegeuka unga. Chumvi hii hupoteza maji yake hewani. Gramu 14.3 za unga huo zina kaboneti nyingi kuliko inavyotakiwa, asidi ikatumika nyingi, x ikashuka kwa darasa zima. Fuwele zikiwa na vumbi jeupe juu yake, ziache. Pima gramu 5.3 za kaboneti kavu kwa lita, nazo zinatoa 0.05 M ile ile, na kwenye karatasi ya swali andika 14.3 za yenye maji.

Kiasi: kila mtahiniwa anahitaji kama 150 cm³ za asidi, yaani raundi nne za 25, kusuuza, na kitakachobaki kwenye bureti. Kwa 40 ni lita 6. Tengeneza 7. Asidi hidrokloriki ya chupa ya asilimia 36, yenye uzito wa 1.18 kwa cm³, ina kama 11.6 M, hivyo lita moja ya 0.1 M inataka 8.6 cm³, na lita 7 zinataka 60 cm³. Asidi ndiyo iingie kwenye maji. Kaboneti kavu kwa lita 7 ni gramu 37.1. Changanya kila mmumunyo wote katika ndoo yake moja safi ya plastiki yenye mfuniko, ukoroge vizuri, ndipo ugawe. Ukitengeneza lita moja moja kwenye chupa saba, kila meza itakuwa na jibu lake. Halafu ufanye taitresheni mwenyewe kutoka kwenye ndoo hizo kabla hawajaingia, uandike wastani wako pembeni.

Mimi ni mzazi. Binti yangu yuko Kidato cha Nne na maabara wameingia mara mbili tu mwaka huu. Nyumbani anaweza kufanya nini? (Mama, Dodoma)

Mama, anaweza kuzoeza mkono kwa vitu vya dukani. Nunua bomba la sindano la 10 cm³ bila sindano, siki ya asilimia 5, manjano, spiriti ya duka la dawa na chokaa ya kupakia ukuta.

Chokaa, vijiko viwili katika lita moja ya maji, itikiswe na kulala usiku kucha ikiwa imefunikwa, asubuhi achukue maji yaliyotuama juu bila kuchota mashapo. Manjano, kijiko kidogo, aloweke kwenye spiriti kidogo, akiwa mbali na jiko, kisha atumie rangi ya juu. Siki apime 5 cm³ aongeze maji hadi 100 cm³. Sasa aweke 20 cm³ za maji ya chokaa kwenye glasi isiyo na rangi na matone matano ya manjano. Itakuwa kahawia nyekundu. Atone siki kutoka kwenye bomba akizungusha glasi, hadi rangi irudi njano na kukaa. Ikitumika kama 20 cm³ vipimo vyake viko sawa. Namba yenyewe hutegemea chokaa na siki aliyopata, kwa hiyo asihangaike ikiwa 18 au 23. Kinachotakiwa ni raundi tatu zisipishane zaidi ya 0.5 cm³.

Asitumie magadi wala soda ya kuokea mahali pa chokaa. Vitatoa povu, na rangi itageuka polepole bila kuonyesha ilipoishia. Manjano hugeuka karibu na pH 8, mahali panapofaa siki na chokaa.

Baada ya hapo achore jedwali la bureti kamili, kipimo cha mwisho, cha mwanzo na ujazo uliotumika, kwa kalamu na rula, mpaka aweze kulichora kwa dakika mbili. Macho ayakinge kwa miwani yoyote, kwa sababu chokaa ikiingia jichoni inaunguza. Ikitokea, aoshe kwa maji yanayotiririka dakika 15 na aende zahanati. Glasi na chupa alizotumia ziandikwe jina na zisirudi jikoni.